Barabara Huanza Kuchorwa Kikaoni

Mimi ni mhandisi wa barabara, na nusu ya pili ya maisha yangu ya kazi haifanani na ya kwanza. Katika ile ya kwanza nilisanifu, nikakagua, nikatia saini. Nilikwenda saiti na buti zangu, nikapima unene wa lami, nikabishana na wakandarasi juu ya kokoto na udongo, na jioni nilirudi nyumbani nikijua kwamba siku imeacha kitu kinachoshikika. Siku hizi kazi ninayoithamini zaidi huifanya nimeketi, mbele ya rasimu iliyojaa masahihisho, pamoja na watu ambao baadhi yao hawajawahi kukanyaga saiti. Ushuhuda wangu ni huu: kamati imenibadilisha mimi mhandisi kuliko mradi wowote niliowahi kuusimamia.

Najua kamati inavyosemwa kwetu. Mtu akitaka jambo life polepole, husema liundiwe kamati. Watu hukumbuka chai na sambusa, posho ya kikao, na taarifa nene inayoishia kabatini. Chama chetu cha kitaaluma kiliponiomba nijiunge na kamati ya barabara za mijini, nilikubali kwa heshima ya mzee aliyeniomba, ambaye ndiye aliyenishika mkono nilipotoka chuoni. Kamati hiyo haina posho. Nauli unajilipia, rasimu unazisoma usiku baada ya kazi ya ofisi, na ukikosa vikao mfululizo jina lako linaondolewa bila barua ya kukubembeleza.

"Mwanangu, kusoma mwongozo unajua," aliniambia. "Sasa njoo uone unavyoandikwa."

Maneno yale niliyaelewa taratibu. Katika usanifu, mwongozo ndio mwisho wa ubishi. Ukiandika kwamba upana wa njia ya gari ni mita 3.5, basi ni 3.5, na mteja akihoji unamwonyesha ukurasa. Hayo ni mazuri, na sitaki mtu adhani nayadharau. Mhandisi asiye na viwango anawatia watu hatarini. Nilichokuwa sijawahi kukitazama kwa karibu ni kwamba kila namba katika ukurasa ule iliwahi kuwa hoja ya mtu mezani, mwingine akaipinga, wakakubaliana, katibu akaandika.

Chukua herufi A hadi F, ambazo kila mhandisi wa usafiri anazijua. Makutano yakipewa A, magari yanapita karibu bila kusubiri. Yakipewa F, foleni imeshinda. Nilizikuta herufi hizi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama mtoto anavyolikuta jedwali la kuzidisha: zipo tu, za kukariri. Asili yake niliijua nikiwa mjumbe. Mwaka 1944 Bodi ya Utafiti wa Barabara Kuu ya Marekani iliunda kamati ya kuchunguza barabara inaweza kupitisha magari mangapi, chini ya uenyekiti wa O. K. Normann. Kazi yao ilitoka kama kitabu mwaka 1950. Herufi A hadi F ziliingia katika toleo la 1965. Sura ya waenda kwa miguu ilisubiri hadi toleo la 1985. Kwa miaka 35 kitabu kilichotumika duniani kote kupima uwezo wa barabara hakikuwa na sura kwa ajili ya mtu anayetembea.

Siwalaumu waliokiandika. Walikuwa wakijibu swali la nchi yao na la wakati wao, na walilijibu kwa vipimo makini na kwa uaminifu ambao natamani kamati zetu zote ziwe nao. Lakini jibu lao lilisafiri hadi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, miji ambayo watu wengi hufika kazini na shuleni kwa miguu au kwa basi, na swali lenyewe halikusafiri nalo. Tukapanua makutano ili yapande kutoka E kwenda C, tukaandika katika taarifa kwamba hali imeboreka. Kwa nani? Kwa aliyeketi garini imeboreka kweli. Kwa anayevuka, barabara imeongezeka upana.

Na Wamarekani wenyewe wameanza kulipitia upya jibu hilo. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2013, na tangu Julai 2020 kuchelewa kwa magari hakuhesabiwi tena kuwa athari ya mradi kwa mazingira. Kinachopimwa ni umbali ambao magari yatatembea kwa sababu ya mradi huo. Niliposoma habari hiyo kwa ajili ya kikao, niliinuka nikatembea chumbani. Kumbe kipimo nilichofundishwa kama sheria ya maumbile kinaweza kuwekwa kando na watu waliokaa, wakajadiliana, wakaamua.

Kikao kilichonigeuza zaidi kilihusu muda wa kuvuka barabara penye taa. Taa ya mtu wa miguu hupangwa kwa hesabu fupi: unachukua upana wa barabara, unaugawa kwa mwendo wa mtu anayetembea, unapata sekunde. Rasimu yetu ilikuwa na mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, namba iliyozoeleka tangu zamani. Barabara ya njia nne za mita 3.5 ina upana wa mita 14, kwa hiyo mtu anapewa chini kidogo ya sekunde 12. Sote tuliipita aya hiyo haraka. Tulikuwa tumeshafungua ukurasa unaofuata pale mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, aliyekuwa amealikwa kama mgeni, alipoomba turudi nyuma.

"Injinia," alimwambia mwenyekiti, "mtoto wa darasa la kwanza anavuka ameshikwa mkono na dada yake wa darasa la tatu. Na bibi anayetoka kliniki ana fimbo. Hiyo mita moja na nukta mbili ni ya nani?"

Mwenyekiti hakumjibu kwa haraka, na namsifu kwa hilo. Alituomba twende tukapime. Tulichukua saa za kupimia na utepe, tukasimama kwenye vivuko kadhaa vya jiji, karibu na soko, karibu na hospitali, karibu na shule, tukawapima watu wakivuka. Vijana walipita kwa mwendo wa kitabu na zaidi. Wazee, wajawazito, waliobeba mizigo na watoto waliofuatana walikuwa nyuma ya kitabu, wengine nyuma sana. Mtu anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 17 na nusu kuvuka mita 14. Sisi tulikuwa tumempa 12. Taa inambadilikia akiwa bado na mita zaidi ya nne mbele yake, na injini za bodaboda zinanguruma.

Tuliporudi mezani ubishi ulikuwa mkali, na nataka niueleze kwa haki. Mhandisi mmoja wa taa, mtu makini ninayemheshimu, alituonyesha kwamba sekunde unazompa mtu wa miguu unazitoa kwa magari, na katika magari hayo kuna daladala na mabasi yaliyojaa watu wa kipato kilekile cha yule bibi. Hoja hiyo ni ya kweli. Ilitulazimisha tufanye hesabu nyingine: tukahesabu watu badala ya magari. Katika vitabu basi kubwa huhesabiwa sawa na magari madogo mawili au matatu, kwa sababu kinachotazamwa ni nafasi linayochukua barabarani. Lakini basi la mwendokasi la mita 18 linabeba watu zaidi ya mia. Ukiweka watu hao kwenye mizani, pamoja na wale wanaosubiri ukingoni, na ukiweka gari lenye dereva peke yake, mgawanyo wa sekunde unabadilika wenyewe bila mtu kupaza sauti.

Tuliandika mita 1.0 kwa jumla na 0.8 karibu na shule, hospitali na vituo vya mabasi. Wamarekani nao walikuwa wamelipitia jambo hilohilo: mwongozo wao wa alama na taa za barabarani, toleo la mwaka 2009, uliushusha mwendo huo kutoka futi 4 hadi futi 3.5 kwa sekunde, yaani kutoka mita 1.2 hadi kama 1.07. Nusu futi. Mtu anayetazama kwa mbali anaweza kuuliza inakuwaje watu wazima wenye shahada watumie miaka wakibishania nusu futi. Mimi nimeacha kuuliza. Nusu futi ile inaingia katika kila taa mpya, katika kila mji unaofuata mwongozo huo, kila siku, kwa kila anayevuka. Sijawahi kusanifu daraja wala barabara iliyomgusa mtu mmojammoja kwa kiasi hicho.

Tangu hapo namna yangu ya kuanza mchoro imegeuka. Zamani nilianza na mstari wa katikati, nikapanga njia za magari, kisha nikatazama kilichobaki pembeni kati ya lami na mtaro, nikakipa jina la njia ya miguu. Sasa naanza ukingoni. Naweka kwanza mahali pa kupita mtu, kiti cha magurudumu na mwenye mkokoteni, kisha kituo cha basi, ndipo naingia katikati. Hifadhi ya barabara ni ileile na fedha ni zilezile, lakini mchoro unaotoka ni mwingine kabisa.

Suala la mwendo wa magari lilifuata njia hiyohiyo, na hapa hesabu inasema yenyewe. Katika maeneo ya makazi sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa. Mhandisi hukadiria kwamba dereva anatumia sekunde mbili na nusu tangu aone hatari hadi akanyage breki. Kwa mwendo wa 30, gari linasafiri kama mita 21 katika muda huo, kisha linahitaji mita kama 10 kusimama: jumla mita 31. Kwa mwendo wa 50, mita 31 zinakwisha dereva hajakanyaga breki. Pale ambapo gari la kwanza limesimama, la pili linapita kwa kasi yake yote, na litahitaji kama mita 63 kusimama. Hesabu hii nilikuwa nayo kichwani tangu chuoni, kwa ajili ya kona na vilima vya barabara kuu. Kamati ndiyo iliyoniwekea mtoto mwishoni mwa zile mita 31.

Mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachanganyika na watu wa miguu na baiskeli mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 ajali hizo ndizo zinazoua kuliko kitu kingine chochote. Lakini 30 haiji kwa kibao peke yake. Barabara pana iliyonyooka inamwambia dereva aende, kibao kiseme kinachotaka. Kwa miaka mingi taaluma yetu ilipanga ukomo wa mwendo kwa kutazama mwendo ambao madereva 85 kati ya 100 hawauzidi, yaani tuliwauliza walio garini peke yao. Toleo la mwongozo wa Marekani la Desemba 2023 sasa linataka yatazamwe pia matumizi ya eneo, watu wa miguu na historia ya ajali. Na hapahapa Dar es Salaam tulikuwa na somo letu. Shirika la Amend lilizunguka shule za msingi, likaweka njia za miguu, matuta, vivuko, alama na nguzo za kuzuia magari yasipande ukingoni, vitu ambavyo mkandarasi mdogo anavimaliza kwa muda mfupi, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya WRI Ross ya miji. Katika kikao chetu nilizoea kusikia mifano ya Ulaya. Siku tuliyoweka mezani picha za shule za hapa, zenye udongo wetu na mitaro yetu, ubishi ulipungua nusu.

Sasa niseme juu ya fomu, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba fomu ya kuhesabia magari ina nguvu kuliko hotuba ya kiongozi yeyote. Kabla ya mradi, vijana huketi kando ya barabara na fomu, wanaweka alama: gari dogo, basi dogo, basi kubwa, lori la ekseli mbili, lori la tela. Fomu tuliyoirithi ilikuwa na safu za kila aina ya lori. Pikipiki zilikuwa katika safu ya mwisho pamoja na "mengineyo". Watu wa miguu hawakuwamo. Fomu ile ilipangwa kabla bodaboda hazijajaa mijini. Kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilikuja mwaka 2010, na tangu hapo miji yetu imegeuka usoni. Nenda asubuhi kwenye kipilefti chochote utazame ni nini kinachopita. Lakini kilichokosa safu katika fomu kinakosa safu katika hesabu, kinakosa mstari katika mchoro, na mwisho kinakosa shilingi katika makadirio. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba bodaboda wasipewe mahali pa kuegesha karibu na kituo cha basi. Hakukuwa na pa kuwaandika.

Tuliitengeneza upya. Tuliwapa bodaboda, bajaji, baiskeli, mikokoteni na waenda kwa miguu safu zao, tukaweka na saa za kufungua na kufunga shule. Kiongozi wa madereva wa bodaboda alikuja kikaoni, akatuonyesha kwenye ramani mahali ambapo vijana wake huanguka mvua ikinyesha: penye rangi nene ya vivuko inayoteleza na penye vifuniko vya chuma. Katika kamati yetu hakuna aliyekuwa na takwimu hiyo. Yeye alikuwa nayo kwenye magoti ya wenzake. Rangi zenye mchanga wa kukwaruza zipo, na sasa zimetajwa katika rasimu.

Mvua nayo ina historia yake ya kamati. Ukubwa wa kalvati nyingi za Afrika Mashariki unatokana na kazi ya miaka ya 1970 ya maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza: utabiri wa mvua kubwa za Afrika Mashariki wa mwaka 1974, na mwaka 1976 modeli ya mafuriko ya D. Fiddes, iliyotokana na vipimo vya mabonde madogo ya kanda hii. Ni kazi nzuri, na nimeitumia kwa shukrani. Lakini mvua iliyopimwa wakati ule na miji ya wakati ule haikuwa kama ya leo. Bonde lililokuwa la nyasi na mashamba limekuwa mabati na saruji, na maji yanafika kwenye kalvati mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Anayeijua Jangwani, Dar es Salaam, hahitaji maelezo yangu: Mto Msimbazi ukijaa, Barabara ya Morogoro inafungwa, na huduma ya mwendokasi iliyoanza Mei 2016 inakatika katikati ya jiji. Mradi wa bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, unashughulikia mahali hapo. Swali la kamati ni pana zaidi: mhandisi wa halmashauri asiye na mradi mkubwa, mwenye kalvati moja ya kubadilisha, atumie mvua ipi? Tumependekeza takwimu za vituo vya hali ya hewa zipitiwe upya kila baada ya miaka kumi, na usanifu wa kalvati utazame bonde litakavyokuwa limejengwa. Pendekezo hilo bado linapita ofisi kwa ofisi.

Mengine yanayokuja nayataja kwa kifupi. Mabasi ya umeme ni mazito kwa sababu ya betri, na tangu majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960, tunajua kwamba uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ongeza uzito kwa asilimia 10, uharibifu unaongezeka kwa karibu asilimia 46. Kwa hiyo anayeagiza mabasi na anayejenga lami wanapaswa kuzungumza mapema. Takwimu za simu zinaweza kutuonyesha msongamano bila vijana wa fomu, lakini zinamwona mwenye simu yenye intaneti, na mama anayetembea na ndoo hayumo. Wahandisi vijana wa kamati ndio wanaotufundisha mambo haya, na wakati mwingine nawaona wakisita kuongea kwa sababu ya mvi zetu. Nimemwomba mwenyekiti waanze wao kuchangia kabla ya wazee. Mzee akishasema, ni vigumu kwa kijana wa malezi yetu kumpinga hadharani, na namba inayosanifiwa haijui heshima.

Kuna mjumbe wetu asiyeona. Aliingia kwa uteuzi wa chama chao cha watu wenye ulemavu, na siku za mwanzo baadhi yetu tulimsomea rasimu kwa sauti kama mtu anayefanya hisani. Kisha tukafika kwenye mitaro ya wazi. Alieleza jinsi fimbo yake inavyosoma ukingo, jinsi nguzo ya umeme iliyosimikwa katikati ya njia ya miguu inavyomlazimisha ashuke kwenye magari, jinsi mfuniko mmoja uliokosekana unavyomfanya aache njia nzima na azunguke. Alizungumza kwa utulivu, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa kifungu cha usanifu. Nilijaza kurasa. Sina shaka kwamba ndiye mkaguzi bora wa njia za miguu niliyewahi kufanya naye kazi, na miongozo ingekuwa mizuri mapema zaidi kama watu wa namna yake wangeketi mezani tangu mwanzo.

Hii ndiyo imani niliyonayo sasa, na ninaisema kwa wahandisi wenzangu waliochoka na vikao. Saiti inaijenga barabara moja. Kamati inazipa umbo barabara ambazo hatutaziona, katika miji ambayo hatutafika, na zitajengwa na vijana ambao leo wako kidato cha pili. Mtu mwenye uwezo anayejitoa kwenye kamati kwa sababu inachosha anawaachia wengine kuandika namba, na namba zitaandikwa tu, ziwe zimepimwa au hazijapimwa. Waajiri nao wanayo sehemu yao. Mhandisi akiomba ruhusa ya kwenda kikaoni asitazamwe kama anayekimbia kazi, na bodi na vyama vya taaluma viihesabu kazi hiyo katika maendeleo ya kitaaluma ya mhandisi kwa uzito uleule wa semina za hotelini.

Kikao kijacho kina ajenda ya madaraja ya watembea kwa miguu. Nimeshamtumia katibu maoni yangu kwa maandishi: pale ambapo barabara inapita katikati ya makazi, gari lipunguze mwendo na mtu avuke barabarani palepale, penye tuta na taa; daraja la juu libaki kwa barabara zile ambazo gari haliwezi kusimamishwa, na likijengwa liwe na mteremko ambao kiti cha magurudumu kinaupanda. Wenzetu wawili wa upande wa barabara kuu wameshajibu kwamba hawakubaliani. Wana takwimu za foleni za malori yanayotoka bandarini, na hoja yao ina uzito, kwa hiyo nimeanza kuisoma. Nimeomba pia yule mwalimu mkuu asiitwe tena mgeni, aandikwe mjumbe kamili mwenye haki ya kupiga kura. Hilo litaamuliwa kwanza, saa tatu asubuhi, kabla hatujafungua rasimu.